Nyuma ya Fahali

Jumamosi, 14 Desemba

Nimerudi Amalemba jioni hii kutoka kwa Khotsa, mjomba wangu wa Shibuye, na mikono yangu bado inanuka majani ya nepia. Nilikwenda kumpima kitinda mimba wake nguo ya Krismasi. Kipimo kilikwisha upesi, na mchana wote uliobaki niliupitisha zizini.

Fahali wake wa kupigana amejaa shingo. Khotsa hakutaka nitazame tumbo wala nundu. Alinishika mkono akauweka nyuma ya pembe, akaniambia nibonyeze. Nyama haikubonyea. Mnyama mwenyewe aliendelea kutafuna, akanitupia jicho moja, akalirudisha kwenye majani. Ana rangi ya kahawa, weusi umemwingia usoni na magotini, na pembe zake zinatoka kando kisha zinapinda mbele. Khotsa anazipenda pembe za namna hiyo kwa sababu zikishika kichwa cha mwenzake haziachi.

Anaishi peke yake. Ng'ombe wa maziwa wamepelekwa kwa shemeji bondeni, asiwasikie wala kuwanusa, na plau hajafungwa tangu mahindi yapandwe. Fahali wawili hawakai zizi moja, walisema wazee, na Khotsa ameongeza lake kwamba fahali wa kupigana hakai hata na mbuzi. Asubuhi hukatiwa nepia, mchana hupewa machicha ya pombe ya busaa yaliyochanganywa na molasi, jioni hupelekwa kwenye kichuguu kilicho mpakani mwa shamba akakishambulie kwa pembe. Nilimwona leo. Alikipiga, akarudi nyuma, akakipiga tena mahali palepale, mpaka udongo mwekundu ukamjaa kichwani. Hakuna aliyemchokoza.

Wapo wanaowapa fahali wao chang'aa asubuhi ya mchuano, na wapo wanaowapa hata bangi. Khotsa hataki kulisikia jambo hilo. "Mlevi hajui sauti ya mwenyewe," aliniambia. "Nikimwita, nataka ajue ni mimi."

Mpinzani ameshapatikana, fahali mweusi wa upande wa Idakho. Mazungumzo yamekula wiki nyingi. Hakuna mizani katika kazi hii. Wazee wa kila upande huenda kumtazama mnyama wa wenzao kwa macho: umri, kimo, upana wa kifua, mkao wa pembe, na habari za mapigano aliyokwisha kupigana. Wakikubaliana, siku hutajwa. Wasipokubaliana, chai hunywewa na kila mtu hurudi kwao. Naipenda sana hatua hii ambayo mgeni haioni. Anayefika uwanja wa Khayega asubuhi ya sikukuu akakuta ng'ombe wawili wanagongana vichwa hudhani wamekutanishwa papo hapo.

Sheria ni moja: anayegeuka akakimbia ameshindwa. Hakuna mtu mwenye upanga kama kule Uhispania, wala mnyama hauawi uwanjani ili watu washangilie. Kazi ya binadamu ni kumleta, kushuhudia na kumrudisha.

Jumatatu, 16 Desemba

Nguo za Krismasi zimenielemea, cherehani haipoi. Kijana wa kaka yangu amekuja kukaa nami likizo hii; anasoma Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, huniita Senje, yaani shangazi, na mwili wake hautulii. Alfajiri anakimbia mpaka Lurambi na kurudi, jioni yuko juu ya baiskeli. Ametia nia mwakani ashiriki triathloni, ule mchezo wa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia bila kupumzika katikati.

Usiku, nikiwa napiga pasi, alinionyesha kwenye simu mbio za Olimpiki ya Paris, za tarehe 31 Julai. Zilikuwa zifanyike siku moja kabla, ila maji ya mto Seine yalikuwa machafu, zikaahirishwa. Mita 1,500 majini, kilomita 40 kwa baiskeli, kilomita 10 kwa miguu. Mwisho wake ulinifanya niweke pasi kando. Hayden Wilde wa New Zealand alikuwa ameshaachana na wenzake, anaonekana mshindi, na zikiwa zimebaki mita mia chache tu Alex Yee wa Uingereza akamfikia, akampita. Wakavuka mstari wametengana kwa sekunde 6.

Lakini macho yangu yalikuwa yanarudi kwa watu waliosimama kando ya njia. Baiskeli zinawapita kwa mvumo, wanapiga kelele, halafu barabara inabaki tupu mbele yao mpaka mzunguko mwingine. Nikamwuliza, hawa wameona nini hasa?

"Senje, kila mtu anaona kipande chake. Wengine wanaona wakiingia majini, wengine wanaona mwisho. Mbio nzima wanazijua wale wanaoshindana tu."

Nimelifikiria jibu hilo mpaka sasa. Huku kwetu mtazamaji hatengewi kipande. Nimemwambia tarehe 26, siku ya mchuano, aje na mimi, avae viatu vyake vya kukimbilia.

Ijumaa, 20 Desemba

Nimelala Shibuye ili nisikie mazoezi ya isukuti.

Ngoma ni tatu, na kila moja ina nafasi yake nyumbani: baba, mama na mtoto. Ni gogo lililochimbwa ndani na kuwambwa ngozi ya kenge, na hubanwa kwapani ili mpigaji aweze kwenda nayo. Kuna baragumu ya pembe ya swala, kuna vyuma vinavyogongwa, na kuna mwimbishaji ambaye asipokuwepo hivyo vyote ni kelele. Mwimbishaji wa hapa ni mzee mwembamba, kifua chake hakionekani kuwa na nafasi ya sauti ile. Anaita, tunaitika. Anamtaja fahali, anamtaja aliyemlea, anamtaja mama wa aliyemlea, na leo akanitaja mimi kama binti wa dada yao aliyeolewa mbali. Nilihisi joto usoni.

Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Hapa Kakamega watu hulitaja jambo hilo kwenye hotuba kana kwamba tulipewa zawadi. Lilikuwa onyo. Wenye kuijua wanazeeka na wanaojifunza ni wachache. Usiku huu ngoma kubwa ilikuwa na mtu mmoja tu anayeiweza kwa usiku mzima, na yeye goti linamsumbua. Ngoma ndogo ilishikwa na kijana wa shule ya msingi ambaye macho hayakumtoka mzee hata mara moja, na alipokosea alinyamaza akasikiliza mpaka akaupata mdundo tena. Nikimtazama yule mtoto nilipata nguvu.

Mazoezi yenyewe si ya kukaa. Walikwenda mpaka mtoni na kupanda kilima huku wanapiga, kwa sababu tarehe 26 watapiga wakiwa mbioni, gizani, kwenye njia yenye mizizi. Mwenye kupumua vibaya mlimani huua wimbo, na wimbo ukifa fahali hupunguza mwendo. Khotsa analisema hilo kama jambo linalojulikana, na mimi namwamini kwa sababu nimeona masikio ya yule mnyama yakigeuka baragumu inapolia.

Jumatano, 25 Desemba

Kanisa asubuhi, kisha kuku na obusuma, yaani ugali, kwa Kukhu, bibi yetu. Watoto wote walivaa nguo nilizoshona. Sikulala usiku mbili tatu kwa ajili ya zile nguo na leo nimeridhika.

Baada ya chakula mazungumzo yaligeukia Malinya. Kila familia inayofuga fahali imeishi na habari ile mwaka mzima: Januari, Inasio, fahali wa Seneta Boni Khalwale, alimwua mtu aliyekuwa akimlisha na kumtunza kwa miaka mingi. Fahali naye akauawa. Seneta amejenga sehemu kubwa ya jina lake juu ya mchezo huu, watu humwita mpiganishaji fahali hata bungeni, na bado msiba uliingia kwake kwa mlango wa zizi. Shemeji alisema hiyo inatosha kuacha. Khotsa alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema kwamba yeye haingii zizini bila kuita kwanza, na kwamba mtoto yeyote atakayeonekana karibu na ule uzio bila mtu mzima atajibu kwake. Mkewe akamwambia, "Na wewe utajibu kwa nani?" Hakuna aliyecheka.

Mimi niko upande wa wanaoupenda mchezo huu, nami naandika hapa kwamba lile swali lilikuwa la haki.

Kukhu hakushika upande. Alitusimulia mazishi ya Kuka, babu yetu. Mtu aliyeheshimiwa, au aliyefuga fahali, hazikwi kimyakimya. Huwa kuna shilembe, fahali huletwa na kuzungushwa kaburini, wakachimbua ule udongo mbichi kwa kwato na pembe huku isukuti inapigwa. Kukhu anakumbuka fahali waliokuja siku ile walitoka wapi na wapi, na nani alitembea usiku kucha ili wa kwake awahi. "Kuka yenu alitoka na watu," alisema. Anasema pia kwamba alipokuwa msichana wanawake hawakukaribia uwanja. Walibaki njiani na vigelegele vyao, fahali akapita, wakarudi jikoni. Kesho mimi nitakwenda mpaka mwisho, na yeye ndiye aliyenipa fimbo.

Alhamisi, 26 Desemba

Naandika nikiwa nimeegemeza miguu ukutani.

Tuliamka saa tisa usiku. Khotsa aliingia zizini akiita, akamfunga kamba, akampaka udongo mwekundu kichwani, akazungumza naye kwa sauti ya chini ambayo hakuna mwingine aliyeyasikia maneno yake. Uani walikuwa wamefika watu wapatao ishirini. Kijana wa kaka alikuwa pale na viatu vyake, ametia simu mfukoni kama nilivyomwomba. Baragumu ikalia, mzee akaita, tukaitika, tukatoka.

Kwanza ni mwendo wa kutembea. Kisha fahali akashika kasi yake, na kasi ya fahali ni ya mbio ndogo ambayo haikupi nafasi ya kutembea wala ya kukimbia sawasawa. Umande ulikuwa mzito, ukungu umelalia mashamba ya chai, na tulijua mashimo ya njia kwa kelele za waliotangulia. Kila mlango tuliopita ulifunguka. Wengine walitoka na taa, wengine walitoka wamevaa kabisa wakaungana nasi. Nilipogeuka kutazama nyuma kwenye mteremko wa kwanza sikuona mwisho wa msafara. Wanaume walikuwa wamekata matawi, wanayapunga juu. Wanawake tulishika itikio. Kuna mahali mlimani pumzi ilinikatika, nikaacha kuimba, na mama mmoja nisiyemjua akanishika kiwiko akaimba karibu na sikio langu mpaka nikairudisha sauti. Hatukuulizana majina.

Kijana wa kaka alikuja kando yangu akahema. Amezoea mbio za kilomita nyingi, lakini si mbio za kuimba. "Senje, watu hawa wanafanya mazoezi wapi?" Wanakata miwa, nikamwambia, wanasomba maji, wanasukuma baiskeli zilizobeba magunia kupanda kilima.

Khayega tulifika kukiwa kunapambazuka. Barabara kuu ya Kisumu ilikuwa imejaa, matatu zimesimama, madereva wamepanda juu ya magurudumu waone. Uwanja hauna kuta. Uzio ni watu wenyewe. Duara linasimama pale ambapo woga wa kila mtu umemtuma asimame, na fahali wakisogea, duara nalo husogea, hujipinda, hupasuka, hujishona tena. Miti yote ya pembeni ilikuwa imebeba vijana. Nilijichagulia mahali karibu na mkaratusi mkubwa, mgongo nikauegemeza, kwa sababu anayesimama wazi lazima ajue atakimbilia wapi kabla hajaanza kutazama.

Jozi mbili za mwanzo hazikuchukua muda. Katika ile ya pili, mmoja alimnusa mwenzake, akageuka akaenda zake, na watu wake hata hawakumfokea. Kisha wakaingia wetu na yule mweusi, kila mmoja kutoka upande wake, ngoma za pande mbili zikipigwa kwa midundo iliyokataa kupatana.

Hawakukimbiliana. Walisimama, wakageuza ubavu kila mmoja amwonyeshe mwenziwe ukubwa wake, wakachimba udongo. Watu walinyamaza. Vichwa vilipokutana, ule mlio niliusikia kifuani kabla ya masikioni. Halafu ikaanza kazi yenyewe, kazi ya polepole ambayo asiyezoea huiona kama wamesimama tu. Tazama miguu ya nyuma. Kwato zinazama, zinatafuta, zinapata, mwili mzima unakaza kutoka mkiani mpaka pembeni, na yule wa pili anapokea uzito huo wote kwa shingo. Kisha anaurudisha. Wetu alikuwa ameshika vizuri, pembe zake zilimfunga mweusi kichwa, akamsukuma mpaka karibu na barabara, na duara la upande ule likafunguka kwa mayowe. Khotsa alikuwa nyuma yake hatua chache, anamwita. Kila akiita, sikio moja linageuka.

Walipumzika wakiwa wameegemeana, vipaji vya nyuso vimegusana, mbavu zikipanda na kushuka. Hapo ndipo watu huimba kwa nguvu zaidi, maana mnyama hawezi kupewa maji wala mkono, anaweza kupewa sauti tu. Tulimwimbia. Kijana wa kaka, aliyelelewa Nairobi na ambaye maneno ya Kiisukha anayajua kwa shida, alikuwa anaitika kwa mdomo wote.

Mweusi alikuwa na subira. Alikubali kusukumwa, akasubiri shingo ya wetu ichoke, kisha akashusha kichwa chini zaidi, akaingia kwa chini. Wetu alinyanyuliwa miguu ya mbele kidogo tu, kiasi cha kiganja, lakini sote tuliiona. Juu ya jicho la kushoto damu ilitoka. Akasimama tena, akapokea tena, akapokea mara nyingine. Kisha akageuka.

Alikimbia kuelekea kwetu. Duara lilipasuka, nikazunguka nyuma ya mkaratusi, akapita karibu kiasi kwamba nilipata joto lake na harufu ya udongo aliopakwa alfajiri. Mweusi alimfukuza hatua chache, akasimama, akakiinua kichwa. Watu wa Idakho wakamjia kama mafuriko. Waliokuwa wamesimama kwa starehe tangu alfajiri nao wakaingia mbio, uwanja mzima ukawa vumbi na matawi na vigelegele. Ulikuwa ushindi wa haki, nami nilimpigia makofi fahali mweusi kwa moyo wote. Alijua kusubiri.

Hapo ndipo mtazamaji huamua jambo. Ngoma yote, furaha yote, vinywaji vyote vinaondoka na mshindi, na hakuna wa kukulaumu ukimfuata. Wengi wa waliotoka nasi Shibuye walimfuata. Mimi nilikwenda barabarani kumtafuta Khotsa. Nilimkuta ng'ambo, kwenye nyasi, amemfikia fahali kwa kumwita, ameshamfunga kamba, anamfuta jicho kwa shati lake. Kijana wa kaka alikuwa amefika kabla yangu. Mwenye ngoma ndogo alikuwepo pia, yule mtoto wa shule ya msingi, ngoma yake kwapani.

Tulirudi saa za jua kali, msafara wa watu wachache. Hapakuwa na wimbo. Kila mlango uliofunguka usiku ulifunguka tena, watu wakatoka, wakamtazama mnyama, wakamwambia Khotsa, "Mulembe," yaani amani. Mama mmoja alileta ndoo ya maji, fahali akanywa yote. Mzee mmoja alimwinamia akakagua lile jeraha kwa muda mrefu, akasema halijafika kwenye jicho. Kisha akatusindikiza mpaka mpaka wa shamba lake, kwa fimbo, bila kusema neno lingine.

Ijumaa, 27 Desemba

Daktari wa mifugo amekuja Shibuye leo na kulishona jeraha. Khotsa amenipigia simu kuniambia, na sauti yake ilikuwa imerudi.

Hapa sokoni mwenzangu wa cherehani ya pili hakubaliani nami kabisa. Anasema mnyama hakuomba kupelekwa Khayega. Ni kweli hakuomba. Nilimwambia kwamba fahali wakiachwa malishoni hupigana bila sisi, na kwamba aliyeshindwa ana njia ya kukimbia, tena anaachwa akimbie. Alinijibu kwamba malishoni hakuna anayewanoa pembe kwa tupa. Kwa hilo sina jibu, na nadhani pembe zisinolewe. Nimewahi kuona mchezo huu ukichezwa kwa upole zaidi. Nilipokuwa kazini Oman, Ijumaa moja tulipita Barka, nikawakuta fahali wawili wanasukumana kwenye uwanja wenye ukuta mfupi, kila mmoja ana kamba, na wanaume wako tayari kuwavuta watengane kabla ya madhara. Nilisimama pale nikatokwa machozi ya kukumbuka nyumbani. Dada mmoja wa Pemba niliyekuwa naye aliniambia kwao pia kuna mchezo wa ng'ombe, ila wa kwao ng'ombe huchezwa na watu, na wazee husema uliachwa na Wareno. Kote huko kamba ipo. Huku kwetu kamba hufunguliwa, na kwa hilo sisi tunaweza kubadilika bila kupoteza kitu.

Lakini Barka watu walikuja na magari, wakakaa ukutani, wakaondoka na magari.

Jumatano, 1 Januari

Malinya leo. Nilikwenda na kijana wa kaka. Khotsa alibaki na mgonjwa wake. Watu ni wengi kuliko Khayega, wanasiasa wamekuja na vipaza sauti, na hotuba ziliwachelewesha fahali mpaka jua likawa kali, jambo ambalo kila mfugaji analichukia. Mpambano mmoja ulikuwa mzuri sana, wa kusukumana muda mrefu pasipo yeyote kukubali, mpaka wazee wakaingia kuwatenganisha.

Mtoto wa kike wa miaka kama mitano alikuwa ameketi chini mstari wa mbele, peke yake. Nilimbeba nikamtafutia mama yake. Kisha nikamtafuta mmoja wa wenye kuandaa na kumwambia mambo mawili: kamba ya kuzuia watoto, hata ya katani, na daktari wa mifugo awepo uwanjani kabla ya jozi ya kwanza, si kupigiwa simu kesho yake. Alinisikiliza kwa adabu. Nitamwandikia.

Jumamosi, 4 Januari

Mchinjaji alikuja Shibuye jana na bei nzuri. Fahali aliyeshindwa mara nyingi huishia hapo, na ada za shule zinakaribia, kwa hiyo hakuna ambaye angemlaumu Khotsa. Alimpa mchinjaji chai, akamsindikiza mpaka barabarani.

Kidonda kimefunga vizuri, nyuzi zitatolewa wiki ijayo. Kijana wa kaka amepanga kuja na baiskeli kila Jumamosi kutoka chuoni kukata nepia, na Khotsa amemkubalia kwa sharti kwamba ajifunze kuita kabla ya kuingia. Leo alifundishwa. Mara ya kwanza fahali hakuinua hata kichwa. Baadaye sikio moja liligeuka.

Mchana walikuja wazee wawili kutoka Ileho. Wana fahali wao, mdogo kidogo kwa kimo, mpana wa kifua, na wanataka mchuano wakati wa Pasaka. Shemeji alisema mapema mno. Mimi niliulizwa, na nilisema ninavyoona: asipigane mpaka kovu likauke kabisa, pembe za pande zote mbili zisiguswe na tupa, na kabla ya kukubali, sisi pia twende Ileho tukamwone wa kwao akishambulia kichuguu. Wazee walitazamana. Mmoja akauliza huyu mama ni nani. Khotsa akawaambia ni mtoto wa dada yake, aliyekwenda na fahali na kurudi naye, kisha akawatajia Jumamosi ya pili ya Februari.